Konyagi Haigandi, Mdogo Wangu

Msomaji mmoja wa Muheza ameniandikia: "Shikamoo dada. Kokteli yangu ya embe imelala friza usiku kucha, asubuhi bado supu. Ninunue friza kubwa?"

Marahaba. Friza yako haina kosa, ila umemimina konyagi kama unakoga. Friza za nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, na konyagi yenye asilimia 35 ya kilevi haigandi hapo. Weka kipimo kimoja kwa vitano vya juisi, basi.

Sasa niacheni niseme langu. Zamani kidogo nilimpelekea mwenye hoteli mmoja hapa Tanga barafu yangu ya ukwaju iliyotiwa konyagi na ndimu. Alionja, akacheka mbele ya wahudumu wake: "Hizi si barafu za watoto wa shule? Wageni wangu ni watu wazima." Nikabeba deli langu nikaondoka. Jumamosi iliyopita, kwenye sendofu Raskazone, joto la kaskazi limetukaba, nilimwona kwenye foleni ya meza yangu. Kisha nikamwona tena. Nilimjazia glasi bila neno. (Maneno nimeyaleta huku.)

Barafu za watoto! Mwaka 1971 kule Dallas, Marekani, Mariano Martinez alichukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza ya kutengenezea margarita, kokteli ya pombe ya tequila na ndimu. Wazo alilipata kwenye mashine ya vinywaji vya barafu dukani, vile vile vya watoto. Mashine yake leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Waitaliano nao wana granita, ambayo ni juisi, sukari na maji tu.

Na granita ndiyo njia yangu, maana sina mashine wala siitamani. Loweka ukwaju, kamua, chuja uwe mzito. Tia shira mpaka uhisi imezidi kidogo, kwa sababu baridi huufisha utamu mdomoni. Ila usipitilize, sukari nayo huzuia kuganda. Ongeza konyagi kwa kipimo nilichosema, ndimu, na chembe ya chumvi. Mimina kwenye sinia pana. Kila nusu saa kwangua kwa uma, kuanzia pembeni ambako huganda kwanza, mpaka upate chenga.

Ukitumia blenda, gandisha tunda lenyewe. Vipande vya embe vilivyoganda vinatosha. Ukijaza barafu ya maji, baada ya dakika chache unakunywa maji ya embe. Machungwa ya Muheza, hayo yenye ganda la kijani na ndani asali, yakamue na juisi uigandishe kwenye trei.

Kinachoniuma ni mnavyoagiza shira za chupa za rangi ya bluu kutoka Dar huku ukwaju na ubuyu vinauzwa Ngamiani mlangoni kwenu. Jamani, tujithamini! Mgeni hakufuata Tanga kunywa rangi.

Halafu jagi lisilo na kilevi liwe mbali, na liandikwe. Sherehe zetu zina wengi wasiokunywa, na kumwekea mtu konyagi bila kumwambia ni ukatili. Hilo litaganda kama jiwe, kwa hiyo litoe friza mapema kidogo kabla ya kuandaa, ulikwangue upya.