Neno "uongo" kwa mhariri anayeanza

Ukianza kazi ya kuhariri habari, neno uongo lishike kwa tahadhari, kwa sababu ndani yake mna nia. Anayesema uongo anajua kwamba analolisema silo, na bado anataka aaminike. Anayekosea hana nia hiyo.

Ripota akikuletea kichwa "Diwani asema uongo kuhusu bei ya sukari", muulize: tuna ushahidi kwamba diwani aliijua bei halisi? Kama tulicho nacho ni kwamba alitaja shilingi 2,800 na dukani kilo inauzwa 3,200, andika "Bei ya sukari aliyoitaja diwani si sahihi". Si sahihi na si kweli huihukumu kauli. Uongo humhukumu mtu, na mtu huyo anaweza kukupeleka mahakamani.

Jambo lililobuniwa tangu mwanzo hadi mwisho ni uzushi. Upotoshaji ndio mgumu, na utakutana nao kila siku: picha ya mafuriko ni halisi, ila ni ya mwaka mwingine, au nukuu imekatwa kabla ya neno "lakini". Ukiiita picha hiyo "ya uongo", msomaji atadhani imetengenezwa. Mweleze ilipigwa wapi na lini.

Cheti kilichotengenezwa kinyume cha sheria ni cha kughushi. Mtaani wanasema feki. Usikiite batili. Mkataba unaweza kuwa halisi, sahihi zote zipo, ukawa batili kwa kuwa mmoja wa waliosaini ni mtoto.

Kwenye sarufi, uongo hauna wingi: uongo huu, uongo mwingi. Panapoponza ni mwongo, kwa sababu ni maneno mawili yanayofanana. Mwongo aliyepita ni mtu, wingi wake waongo. Mwongo uliopita ni miaka 10, wingi wake miongo. Viambishi tu ndivyo vinavyoyatenganisha, kwa hiyo visome mara mbili. Katika habari za dini angalia pia uongofu: "fu" ikidondoka, aliyepata uongofu anakuwa amepata uongo, na kompyuta haitakuonya maana maneno yote mawili yapo.

Shahidi wa Mombasa akisema "huo ni urongo", usimsahihishe ndani ya alama za nukuu. Hajakosea, ndivyo neno lilivyo kwao.