Taa zote nane zinawaka, lakini mtandao unakatika

Mkuu, unauliza kwa nini kebo ya mtandao uliyoifunga mwenyewe inakatika ilhali kipimio kinaonyesha iko sawa. Kipimio cha kebo (tester) kuwasha taa zote nane maana yake ni kwamba waya wa pini ya 1 umefika pini ya 1 upande wa pili, wa 2 umefika 2, basi. Hakioni waya upi umesokotwa na upi. Na kwa kuwa umesema umepanga rangi mbilimbili (chungwa, kijani, bluu, kahawia), tatizo liko hapo hapo.

Katika jozi (nyaya mbili zilizosokotwa pamoja), waya mmoja hubeba ishara na mwenzake hubeba ileile iliyogeuzwa; kifaa husoma tofauti kati yao. Kelele ikiingia huwapata wote karibu sawa, ikafutika. Msokoto kazi yake ndiyo hiyo. Sasa, kwenye plagi kuna jozi inayokaa pini 3 na 6, siyo 3 na 4. Wewe 3 umeweka kijani, 6 bluu: umewaozesha watu wenye ndoa zao. Ishara zinavujiana, na kadiri kebo inavyorefuka ndivyo hali inavyozidi.

Kata plagi za ncha zote mbili, ufunge mpya. Kilimi (kile kibanio cha plastiki cha plagi) kikiwa upande wa nyuma, pini za shaba juu zikikutazama, anzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje lizame ndani ya plagi ndipo ubane.

Halafu kwaruza waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mimi kebo ya namna hiyo nisingeitandaza ukutani hata kwa bei ya bure.