Mikono niliisema, daktari

Juzi kwenye raundi nimekuta tena faili limeandikwa "udumavu, mama ashauriwe lishe", na mtoto mwenyewe ukimsimamisha vidole vinaishia nyonga, mikono mifupi kuliko mwili wake. Sikugomba. Nilikwenda kunywa chai kwanza. Sasa wadogo zangu intani, sikilizeni: si kila mtoto mfupi amekosa lishe, wengine ni mifupa.

1. Pima upya mwenyewe. Chini ya miaka miwili alale, akizidi asimame. Ukichanganya umekosea sentimita 0.7. Viatu vivuliwe, mabutu yafumuliwe.

2. Pima na urefu wa kukaa, na mikono ikiwa imenyooshwa. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi.

Nilikuwa intani kama ninyi, kiburi kipya kama koti langu. Akaja mtoto wa kike wa miaka mitatu, urefu chini ya -3 SD, yaani mfupi mno kuliko wastani wa umri wake. Katika Tanzania hii ambayo hata utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ukiona -3 mkono unaandika wenyewe. Nikampa mama somo la mayai, dagaa na maziwa. Akasikiliza, kisha akasema, "Daktari, gauni la mitumba likimkaa mabegani na kiunoni, mikono lazima niikate." Nikaona ananipotezea muda, foleni imefika mlangoni. Nikaandika: arudi baada ya mwezi.

Alirudi mara tatu. Mara ya tatu cherehani yake ilikuwa imeshauzwa kununulia maziwa, na mawifi wameisoma kadi: kumbe humlishi mtoto wa kaka yetu! (Kaka yao wanamjua alivyo, lakini kadi ina mhuri wa hospitali.)

Siku hiyo bingwa wangu alikuwepo. Alimkalisha mtoto, akapima, akanyamaza. Kiwiliwili cha kawaida. Mapaja na mikono ya juu, mifupi. Kwenye eksirei ya kiuno, nafasi kati ya pedikeli, vile vijiguzo viwili vya kila pingili ya mgongo, ilikuwa inabana kadiri unavyoshuka, badala ya kupanuka. Haipokondroplasia: hali ya jeni inayofupisha mifupa ya mikono na miguu. Ndipo akauliza nisichouliza miezi yote ile: "Baba yake yuko wapi?" Baba alikuwa nje kwenye benchi, kama alivyokuwa kila walipokuja. Akasimama. Hakunifika kidevuni, nami si mrefu.

Nilimwomba mama radhi. Akanijibu kwa upole, "Si neno. Mikono niliisema, daktari." Cherehani hakuitaja.

3. Vifundo vya mikono vimetuna, miguu ina matege, mbavu zina vinundu kama tasbihi: eksirei ya kifundo cha mkono kabla ya kutaja jeni. Wengi wa hao wana rikets, ulaini wa mifupa, na wanapona kwa vitamini D na kalsiamu, msiwapeleke mbali.

4. Akondroplasia, ndugu ya haipokondroplasia lakini kali zaidi: ulizeni anavyolala, maana tundu la chini ya fuvu likiwa jembamba pumzi inaweza kukatika usingizini. Na takriban watoto wanane kati ya kumi wenye hali hii wazazi wao ni wa kimo cha kawaida, badiliko la jeni limeanzia kwa mtoto. Kwa hiyo usimwulize mama baba halisi ni nani. Mmoja wenu aliuliza. Namjua.

5. "Mbilikimo" haliandikwi kwenye faili.

Futikamba iko droo ya pili, chumba cha sindano. Mkiichukua, irudisheni, ile ya kwanza mlipimia mapazia.