Kwa fundi sola mpya: kokotoa lodi kwanza

Wadogo zangu, karibuni. IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, ilihesabu ajira milioni 16.2 za nishati jadidifu duniani mwaka 2023, kutoka milioni 13.7 mwaka uliotangulia. Karibu nusu zilikuwa China, nchi yenye viwanda vikubwa vya paneli. Eneo lisilo na kiwanda hutegemea kazi ya kufunga na kuhudumia mitambo, na hiyo ndiyo ninayowaona mkiiharibu.

1. Kokotoeni lodi, yaani mzigo wa umeme wa vifaa vyote vya mteja, kabla ya kupanda paa. Hili nalirudia mpaka sauti inakauka. Fundi anafika, anauliza bajeti, anafunga, anaondoka. Nyumba moja tuliyoitwa kurekebisha ilikuwa na betri ya asidi, volti 12, Ah 200 (saa-ampea, kipimo cha ujazo wa betri). Kwenye karatasi hizo ni Wh 2,400 (saa-wati, yaani volti mara Ah), ila betri ya aina hiyo ukitaka idumu usiitumie kupita nusu, kwa hiyo zilizopo ni 1,200. Taa na televisheni zilitosheka. Halafu likaja friji: wati 150, kompresa ikizunguka jumla ya saa nane kwa siku, tayari Wh 1,200 zimekwisha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yule mama kama ana mpango wa friji. Betri ikawa inakesha bila chaji, salfeti ikagandamana kwenye sahani zake, na muda si mrefu ikafa. Mama akatangaza kwamba sola ni utapeli. Majirani waliokuwa wakidunduliza hela za paneli wakanunua jenereta. Iliniuma sana, maana mtaa mzima wa kazi ulifungwa pale: kufunga, kukagua, kubadilisha betri, kumfundisha mwanagenzi. Muulizeni mteja mwakani anataka kuongeza nini, kisha andikeni jibu.

2. Breka (swichi ya kukata umeme) ya AC, umeme unaobadili mwelekeo, haikai kwenye DC, umeme wa mwelekeo mmoja wa paneli na betri. AC ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC haipiti sifuri, kwa hiyo cheche yake haizimiki kirahisi.

3. Msichomoe viunganishi vya paneli lodi ikiwa inavuta. Zimeni kwanza, na hata hapo paneli iliyo juani bado ina volti. Kuna kijana kwetu, mwepesi wa mikono kuliko wote, nilikuwa namshika bega kila akinyoosha mkono. Siku hizi yeye ndiye anayewafokea wenzake, nami nafurahi kumsikia.

4. Mchoro wa nyaya na tarehe ya betri viachwe ndani ya kasha la breka.