Swali la lugha: "Yamekuelea" ya Matendo 8:30 ni makosa ya chapa?

Dada mmoja wa Umoja hapa Nairobi ameuliza hivi: "Mwalimu, Bwana asifiwe. Jumatano kwa somo la Biblia tulisoma Matendo 8:30, Filipo anamuuliza yule towashi wa Kushi, 'Je! Yamekuelea haya unayosoma?' Kijana mmoja akasema hayo ni makosa ya chapa, ilifaa iwe umeyaelewa. Mama mwingine akasema kuelea ni ya majini, yaani towashi alikuwa anasoma juujuu. Nani ako sawa?"

Amina dadangu. Hakuna makosa ya chapa hapo, na maji pia hakuna. Kuna kuelea ya chombo, ile ya ukiona vyaelea vimeundwa, na kuna kuelea ya jambo kuwa wazi kwa mtu, na hii ndio ya Filipo. Jambo likinielea nimelifahamu. Sasa angalia mtendaji ni nani: ni hayo maneno, ile "ya" ya mwanzo, wewe msomaji ni "ku" tu hapo katikati, unafikiwa.

Na hata kuelewa yenyewe, tunayoitumia kutwa kucha, imetoka kwa hiyo hiyo kuelea, ni hali ya kutendwa. Fungua Luka 24:45 kwa Union Version, ile tafsiri ya Biblia yenye hiyo yamekuelea, Yesu amefufuka, ako na wanafunzi: "Ndipo akawafunulia akili zao wapate kuelewa na maandiko." Watu wengi wakifika hapo kwa hiyo "na" wanairuka, wanadhani imeingia kwa bahati mbaya, kumbe ni ile ya kunyeshewa na mvua, maandiko ndio yanawaelea wao. Union Version ilitoka 1952 na Kiswahili chake ni cha pwani, siku hizi sisi tunasema naelewa kitu moja kwa moja, na mtaani ni "umeshika?" ama "umenipata?", na si kosa, lugha imesonga. Kijana wenu kwa hivyo yuko sawa kwamba umeyaelewa inafaa leo, lakini asiikosoe ile ya zamani kabla hajaiuliza.

Ila nawasihi, pasta asipande madhabahuni na hii aseme sarufi imethibitisha kwamba ufahamu unatoka juu. Mimi naamini unatoka juu, Paulo amesema wazi kwa 1 Wakorintho 2 kwamba mambo ya Roho yanatambulikana kwa jinsi ya rohoni, lakini Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika Kigiriki, na kwa Kigiriki Filipo anauliza tu kama msomaji anajua anachosoma, mtendaji ni msomaji. Uzuri wa yamekuelea ni wa Kiswahili chetu, tuufurahie bila kuubebesha mzigo wa Luka.

Unyenyekevu uko kwa jibu la towashi. Huyu ni mkubwa, amewekwa juu ya hazina yote ya Kandake malkia wa Kushi, ameketi garini mwake, anasoma Isaya kwa sauti mpaka mtu wa njiani anamsikia, na akiulizwa na huyo mtu asiyemjua anasema "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" halafu anamsihi apande akae naye. Na ukiangalia mstari wa 34 swali lake ni swali la lugha kabisa, nabii anaongea habari za nani, zake mwenyewe ama za mtu mwingine? Hakujifanya anajua. Wangapi kwa grupu zetu za Biblia tunaweza kuuliza swali kama hilo mbele ya watu?

Kuhusu matumizi: sema neno limenielea, maneno yamenielea, habari imenielea. Usiseme "mimi nimeelea" ukimaanisha umefahamu, hapo sasa ndio umeingia kwa maji ya yule mama. Na moyo ukikuelea hiyo ni kichefuchefu, ni habari ingine kabisa.

Mkisoma tena Jumatano acheni mstari usomwe vile ulivyo, kisha mtu aueleze kwa Kiswahili cha leo.