Maswali na majibu: mwanga umepita wapi kabla ya kutufikia?

Jua lina rangi gani hasa?

Jeupe. Swali hili linarudi kila mara kana kwamba sijawahi kulijibu. Unjano na wekundu wa asubuhi na jioni ni kazi ya hewa, ambayo hutawanya bluu kuliko nyekundu.

Mistari myeusi kwenye spektra ya Jua (mwanga wake ukitandazwa rangi kwa rangi) ina maana kwamba Jua halitoi rangi hizo?

Linazitoa, ila zinakwama njiani. Gesi nzito ya chini hutoa rangi zote bila kubagua. Juu yake kuna gesi yenye halijoto ya chini kidogo, na humo kila atomi ina rangi zake inazozifyonza. Sodiamu ikikutana na fotoni (chembe ya mwanga) ya njano, yenye wimbi la nanomita 589, huimeza, kisha huitema upande wowote ule, mara nyingi si upande wetu. Basi sisi tunapata pungufu. Na mstari wenyewe si mweusi kikweli: ungeutenga na majirani zake ungeuona unang'aa.

Nyunyiza chembe za chumvi kwenye mwali wa gesi wa bluu, na mwali huo utageuka njano papo hapo. Ni sodiamu ileile. Sasa weka nyuma ya mwali huo taa kali na utazame kupitia mche wa kioo: palipokuwa na njano pana mstari mweusi. Mwanafizikia Gustav Kirchhoff alilieleza jambo hili mwaka 1859. Sharti ni kwamba taa iwe na joto kuliko mwali, na sharti hilo ndilo wanaonakili maelezo haya hulidondosha kila siku. Bila hilo, mtu anabaki akidhani kuna gesi za kutoa na gesi za kufyonza. Gesi ni moja. Kilicho nyuma yake ndicho kinachoamua.

Ni kweli fotoni husafiri zaidi ya miaka laki moja kutoka kiini cha Jua?

Fotoni ipi? Hakuna inayofunga safari hiyo yote. Inayozaliwa kiinini ni mionzi ya gama; humezwa, hutolewa nyingine, hugongwa na elektroni, hupotea njia, tena na tena. Nishati iliyoanza kama fotoni moja hutokea juu ikiwa imegawanyika katika malaki, hata mamilioni, ya fotoni dhaifu za mwanga wa kawaida. Kinachochelewa ni nishati. Kutoka usoni pa Jua hadi kwetu ni dakika 8 na sekunde 20 tu.

Nyota ikionekana nyekundu kuliko inavyopaswa, si inatukimbia?

Hapana, na naomba tumalizane na jambo hili leo. Vumbi lililo kati ya nyota hufyonza na kutawanya bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo nyota iliyo nyuma yake huonekana nyekundu hata ikiwa inatujia mbio. Tazameni mistari ya spektra kabla ya rangi. Mstari mwekundu wa haidrojeni uko nanomita 656.3. Nyota ikitukimbia, mstari husogea. Vumbi hupunguza mwanga tu, mstari haubanduki mahali pake. Mwanaastronomia Robert Trumpler alithibitisha mwaka 1930 kwamba vumbi hilo lipo na linatudanganya kuhusu umbali.

Kuelekea kitovu cha galaksi yetu hali ni mbaya zaidi: katika fotoni bilioni elfu moja za mwanga wa kawaida, hupenya kama moja. Infraredi, mwanga usioonekana kwa macho wenye mawimbi marefu kuliko ukubwa wa chembe za vumbi, hupita kwa urahisi zaidi. Kwa njia hiyo Andrea Ghez na Reinhard Genzel walifuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi lililoko huko, wakapata Nobeli mwaka 2020. Kwa darubini ya mwanga wa kawaida wangekesha bure.

Korona, yaani tabaka la gesi la nje kabisa la Jua, ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Mbona haitumulikii kuliko Jua lenyewe?

Kwa sababu ni nyembamba mno. Chembe zake zina kasi kubwa lakini ni chache. Hata weupe wake mnaouona Jua likipatwa kabisa ni mwanga wa uso wa Jua, uliotawanywa na elektroni za korona. Na kwa kuwa mtaniuliza: miwani ya kupatwa kwa Jua huvuliwa wakati huo tu, Jua likiwa limefunikwa lote. Ukingo ukianza kuchomoza, ivaeni tena hapohapo.