Barua kwa mwanangu: jina lililokatwa kwa wino mwekundu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mpaka mama yako akauliza kama simu imekwama. Sisi wazima. Yeye anamsalimu "mume wake" na anataka kujua kama huko Dar anapikiwa uji asubuhi au anaachiwa hela ya chipsi.

Umeniuliza jambo moja tu, tena umeliuliza kisomi: kati ya timu ya vijana ya hiyo klabu kubwa inayomtaka kijana wako, na akademia ndogo anakofundishwa sasa, wapi kuna kocha bora? Ukanitajia kwamba yule wa klabu kubwa ana leseni B ya CAF na huyu wa akademia ana C. Mimi mambo ya leseni yamenikuta nimeshatundika daluga. Sisi kocha tulimwita mwalimu, na nasikia wachezaji wa leo bado wanamwita hivyo. Leseni ni jambo jema, sikatai. Ila kabla ya leseni mimi ningeuliza kitu kingine: pale klabuni, nani ana ruhusa ya kusema kijana huyu leo hachezi, na akishasema, mjadala umefungwa?

Najua umeshatabasamu. Ndiyo, ni ileile ambayo kaka yako hunitania nayo mezani, kwamba mchezaji hutengenezwa siku ambayo hachezi. Acheni mcheke.

Mchukue Samatta. Mimi na Simba mnatujua, lakini haki yake nampa. Mtoto wa Mbagala, akapitia African Lyon, Simba hakukaa sana, 2011 TP Mazembe wakambeba kwenda Lubumbashi, Kongo. Watu hapa walisema amefuata dola za Katumbi, mwenye timu. Akakaa kule zaidi ya miaka minne. Wakati anafika, benchi lilikuwa na Lamine N'Diaye wa Senegal, na wakati ananyanyua Kombe la Klabu Bingwa Afrika 2015 alikuwapo Mfaransa, Patrice Carteron. Makocha walibadilika, lakini mwenye nyumba alikuwa mmoja, na kijana aliachwa akue. Hapa kwetu, ndani ya miaka minne, vibarua vya makocha wangapi vingekuwa vimeota nyasi? Januari 2016 akatawazwa Abuja kuwa mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo akaenda Genk. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji, Genk bingwa.

Kisha Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na sote tukanunua vifurushi. Bao moja kwenye ligi, jingine fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, basi. Mwaka haujaisha yuko Uturuki kwa mkopo. Miguu ilikuwa ileile, mwanangu. Ila alikuwa ameingia kwenye timu inayopigania isishuke daraja, na nyumba inayoungua haina muda wa kumlea mgeni. Nilikuwa nabishana na marehemu mjomba wako kuhusu hili mpaka chai inapoa. Yeye alisema Samatta alizidiwa na ligi. Mimi nilisema alizidiwa na kalenda. Labda wote tulikuwa sawa, lakini yeye hayupo wa kunikubalia.

Mama yako anapita hapa anasema nimeanza kuzunguka. Kweli nazunguka, na sababu naijua.

Hadithi ya bao langu la uwanja wa Mkwakwani, Tanga, mnaijua. Mama yenu huimaliza kabla sijaianza: mwaka 1987, dakika za mwisho, mpira unatoka kushoto, nauacha udunde mara moja, napiga kwa mguu wa kulia, nyavu. Timu ya Morogoro chali. Mnajua pia kwamba wiki mbili baadaye goti lilikuwa kama embe dodo na sikurudi tena uwanjani. Siku zote nimewaambia ni yule beki wao. Beki alinigonga, sikumsingizia. Lakini kuna kipande ambacho sijawahi kukisimulia, wala mama yako hakijui chote.

Goti lilikuwa linauma mwezi mzima kabla ya mechi ile. Asubuhi nikishuka kitandani nilikuwa nashika ukuta. Tulikuwa kambini, kambi yenyewe nyumba ya wageni ya vyumba sita, choo nje, na posho ilikuwa inachelewa kama kawaida. Ijumaa jioni mwalimu aliniita uani, akanichuchumalisha, akaniambia niinuke bila kushika kitu. Nikainuka nikiwa nimeuma meno. Akasema, "Jumapili huchezi. Hata benchi hukai. Utakwenda jukwaani na mkeo, mpakate mtoto." Mtoto ni wewe.

Nilikasirika, mwanangu, sijui nikuelezeje. Unakumbuka timu zile zilikuwa za mashirika: mimi kwenye vitabu nilikuwa karani wa ghala, lakini ghalani nilikwenda kupokea mshahara tu. Kibarua changu kilikuwa ni miguu. Nikajiambia, nikikaa nje leo, yule kijana wa Pangani atachukua namba, na namba ikishachukuliwa hairudi. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minane, mkimya, krosi zake zinatua kichwani kama umeziweka kwa mkono. Mwalimu alikuwa amemlea msimu mzima: anamwingiza dakika kumi, anamtoa, anamkalisha pembeni yake benchi na kumnong'oneza. Alikuwa anamsubirisha kwa ajili ya siku kama hiyo.

Usiku nikatoka kambini kwa mlango wa nyuma. Nikaenda nyumbani kwa kiongozi mmoja wa timu, jina silitaji, amekufa na watoto wake ni watu wema. Alikuwa ananipenda. Nikamwambia mwalimu ana wivu na mimi. Nikamwambia goti langu halina kitu. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba huenda mwalimu amekwishaongea na watu wa Morogoro. Unajua mpira wetu: ukishatamka neno hujuma hakuna anayekuuliza ushahidi.

Jumapili asubuhi kikosi kilibandikwa mlangoni, karatasi ya daftari, mwandiko wa mwalimu, ule wa kulala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Namba saba, jina la kijana lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake jina langu, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Wachezaji wote tulisimama pale tukaisoma, hakuna aliyesema kitu. Kijana wa Pangani alisoma, akaenda kukaa kwenye ngazi na viatu vyake mapajani.

Linaloniuma zaidi ni la chumba cha kuvalia. Mwalimu alikuja na bandeji. Nilidhani atanitukana. Akapiga magoti mbele yangu, akanifunga mwenyewe, duara moja juu ya jingine, polepole, akaniuliza, "Imebana sana?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ukimkimbilia beki usigeukie huu mguu." Hilo tu. Nami nikaenda nikageukia mguu uleule, nikafunga.

Wiki ile tulibebwa mabegani mjini, na mwalimu akafungashiwa virago. Sababu waliyoitoa ni kwamba hana ushirikiano na uongozi. Ameshinda mechi, anafukuzwa! Na mimi nilikuwa nacheka na waliomfukuza. Goti lilipokufa, hakuna kiongozi aliyekuja hata na soda. Nikarudi ghalani, safari hii kweli nikihesabu magunia, mpaka shirika nalo likafa.

Mwalimu nilimwona mara moja tu baadaye, stendi ya Tanga, amebeba kikapu. Wewe ulikuwa na mimi, unakwenda kuanza sekondari. Ulimwamkia shikamoo, akakuuliza unaitwa nani, akakwambia baba yako alikuwa na kasi. Utakuwa umesahau. Mimi nilisema, "Mwalimu, basi linaondoka." Na lilikuwa bado halijajaa hata nusu.

Kijana wa Pangani alimaliza msimu, akarudi kwao. Nasikia alivua samaki. Kila ninaposema mchezaji hutengenezwa siku ambayo hachezi, yeye ndiye anayenijibu kichwani: mimi nilikuwa sichezi pia, mzee, mbona sikutengenezwa? Na hapo sina jibu zuri. Kwa sababu kuna kukalishwa na kuna kutupwa. Nimeona vijana wengi wakioza benchi huku mwalimu akiita hiyo subira. Klabu yenye haki ya kusajili wachezaji wengi wa kigeni inaweza kumwambia mtoto "subiri" mpaka ndevu zimtoke. Kwa hiyo hata msemo wangu una tundu. Nauacha hivyohivyo, nimeshauzoea.

Ila tazama hawa jirani zetu wa Kenya. Eliud Kipchoge alimfuata Patrick Sang akiwa kijana wa kijijini Nandi, amwandikie programu ya mazoezi. Sang alikuwa na medali ya fedha ya Barcelona 1992, kuruka viunzi na maji, alikuwa anajua anachosema. Mwaka 2003 kijana akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris, akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 akashindwa kupata nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Hapa kwetu angetafutiwa mchawi, na mwalimu angetafutiwa basi. Wao wakahamia marathoni, pamoja. Mwaka uliofuata akashinda Hamburg, na Berlin 2018 akakimbia kwa saa 2:01:39. Mtu mmoja, mwalimu mmoja, zaidi ya miaka ishirini.

Lakini utaniambia mpira si riadha, na utakuwa umesema kweli. Mkimbiaji hana kamati inayotaka pointi tatu Jumapili. Hana wanachama wanaosubiri getini. Kocha wetu anapewa kijana wa kumlea kwa miaka mitano na mkataba wa mwaka mmoja, halafu tunashangaa anamchezesha mtoto akichechemea. Mimi siwalaumu makocha siku hizi kama zamani. Nawalaumu wanaoshika kalamu nyekundu. Na wanaowapelekea maneno usiku.

Sasa swali lako. Usinilazimishe kuchagua. Kama ni mimi, hapo kwenye akademia, kwa huyo bwana mwenye leseni C ambaye umesema yuko palepale mwaka wa tisa sasa... hapana. Nimesema sichagui. Huyo ni mwanenu, wewe na mkwe wangu, na klabu kubwa ina daktari, ina nyasi nzuri, ina jina, na mtoto wa miaka 16 akilikataa jina atakuja kukuuliza akiwa na thelathini. Nenda tu uwanjani siku ya mazoezi, usitoe taarifa, ukae nyuma. Tazama aliyeumia wanamfanyaje. Muulize mlinzi wa geti, si katibu, makocha wangapi wamepita tangu aanze kazi. Na karatasi ikiletwa, mkwe wangu aisome mpaka chini: mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, kanuni za FIFA ndivyo zinavyosema. Akija mtu na ya miaka mitano akakwambia ni kawaida, mpe maji anywe, umsindikize.

Kuna mstari mmoja umeupitisha haraka kwenye ule ujumbe. Umesema kifundo chake kimevimba kidogo, ila kocha wa akademia amesema Jumamosi atampumzisha, na kijana amekasirika kwa sababu watu wa klabu kubwa watakuwepo. Ukasema unafikiria kumpigia simu mwenye akademia "aongee na kocha". Niliurudia hapo mara tatu. Ndiyo maana mama yako alidhani simu imekwama.

Usipige hiyo simu, mama. Mwambie kijana babu yake atampigia kesho baada ya Isha, tuna maneno yetu. Na wewe nitumie picha. Si ya jezi, za jezi ninazo. Ya kifundo, miguu yote miwili pamoja, akiwa amesimama.

Baba yako.